Watoto na nishati jadidifu: anza na kinu cha upepo cha mezani, ramani ije baadaye

Bango la jua, maji na upepo ukutani halimfundishi mtoto mengi. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 aliyekwisha kuwasha taa kwa upepo huelewa haraka zaidi kwa nini nchi moja huchimba mvuke na nyingine hujenga bwawa. Tenga saa mbili kwa kila kundi la watoto wanne.

Vifaa: mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja) ya volti 24 kutoka printa kuukuu, taa ya LED nyekundu, rezista (kipunguza mkondo wa umeme) ya omu 100, nyaya mbili, dumu tupu la mafuta ya kupikia la lita 5, soli ya ndala, vijiti vinne vya mishikaki, gundi ya moto, multimita (kipimo cha umeme), na feni ya mezani yenye wavu wake.

1. Mapanga. Kata vipande vinne kutoka dumu: urefu sm 15, upana sm 5 shinani na sm 3 nchani. Kila kimoja kibandike kijiti mgongoni. Kukata ni kazi ya mtu mzima.

2. Kitovu. Kata duara la sm 4 kwenye soli, litoboe katikati tundu dogo kuliko mhimili wa mota ili libane, kisha chomeka vijiti pembeni kwa nafasi sawa.

3. Mwinamo. Panga likiikabili feni bapa kabisa, kinu hakizunguki. Anza na nyuzi 30 kutoka hali hiyo bapa, kisha punguza taratibu hadi karibu 15: mwinamo mkubwa huanza kuzunguka kwa urahisi, mdogo huongeza kasi. Yote yainame upande mmoja. Panga moja likigeuka, hupingana na wenzake.

4. Taa. Hapa ndipo saa hupotea, na kosa karibu kila mara ni mota. Mota ya gari la kuchezea huonekana inafaa, lakini haifai. Nyingi hutumia volti 3 na huzunguka takribani mara 10,000 kwa dakika. Ikizungushwa mara 500 tu hutoa kama volti 0.15, na LED nyekundu huhitaji karibu volti 1.8. Kinu kitazunguka vizuri, taa itabaki giza, na watoto watadhani upepo hauna nguvu. Mota ya printa ya volti 24 huzunguka taratibu zaidi, kwa hiyo kwa mizunguko hiyohiyo 500 hutoa volti 2 au zaidi. Chagua inayozunguka kwa wepesi ukiigusa kwa kidole. Inayokwamakwama itakishinda kinu.

Pima kabla ya kuunga taa. Weka multimita kwenye volti 20 za DC, feni iwe sm 40 kutoka kwenye kinu, kasi ya mwisho. Alama ya kutoa ikitokea, badilishana nyaya. Ukiona chini ya 1.8, rudi hatua ya 3 kabla ya kulaumu waya. Ikifika, unga rezista na LED kwa mfuatano, mguu mrefu upande wa chanya. LED nyeupe iache: huhitaji karibu volti 3.

Taa ikiwaka, waache watoto wasogeze feni nyuma sm 10 kwa sm 10 na kuandika volti kila mara. Jedwali hilo ndilo somo lenyewe, usiliharakishe.

5. Ramani. Sasa funga kamba ya mita 26 kwenye kigingi uwanjani, mtoto azunguke nayo. Duara hilo ndilo linalofagiwa na mapanga ya mtambo mmoja wa shamba la upepo la Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, Kenya. Mitambo ipo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Wazidishe wenyewe, watapata megawati 310. Halafu Vindeby, Denmark, mwaka 1991: mitambo 11 ya kilowati 450 ndani ya bahari, shamba la kwanza la aina hiyo duniani.

Kisha toka kwenye upepo. Larderello, Italia, mwaka 1904: mvuke wa ardhini uliwasha taa tano tu. Olkaria, Kenya, ilianza mwaka 1981 kwa nguvu hiyohiyo ya ardhi. Rance, Ufaransa, tangu 1966, hutumia maji kupwa na kujaa. Mtoto wa pwani ataeleza hili kuliko mwalimu, mpe nafasi. Kila sehemu ionyesheni kwenye ramani, kisha waulize swali moja: hapa nini kinasukuma?