Somo: Utaratibu wa Kuchunguza Mlipuko wa Bakteria kwa Ndege wa Bahari katika Ncha za Dunia

Somo hili linawalenga wanafunzi wa sayansi ya bahari hapa Mombasa, pamoja na mabaharia wetu wanaopata kazi katika meli zinazofika kaskazini au kusini kabisa. Linaeleza utaratibu wa kufuata ndege wanapofa kwa wingi, kabla mtu hajautaja ugonjwa kwa jina. Mfano mkuu ni kipindupindu cha ndege, kinachosababishwa na bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambacho hakina uhusiano na kipindupindu cha binadamu.

Hatua ya kwanza: tambua ni nani wanaokufa. Hapa ndipo penye ushahidi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Katika kisiwa kidogo cha Mitivik, kando ya kisiwa cha Southampton huko Nunavut, Kanada, watafiti wamekuwa wakifuatilia bata-bahari aina ya eida tangu 1996, na ugonjwa huu ulipoonekana hapo 2005, waliokufa kwa wingi walikuwa majike walio kwenye viota. Maisha ya jike yanaeleza sababu: huatamia kwa takriban siku 24 hadi 26 bila kula, dume akiwa ameshaondoka, na akitoka ni kwa muda mfupi tu ili anywe maji katika vidimbwi vinavyotumiwa na jirani zake wote. Ute wa ndege mgonjwa ukiingia katika kidimbwi hicho, bakteria hupata njia ya kuwafikia wengi kwa pamoja. Wawindaji Wainuit wa eneo hilo nao wamekuwa wakitoa taarifa za vifo na kusaidia kukusanya sampuli. Mtafiti anayefika na kuanza kuhesabu mizoga bila kuwauliza wenyeji anajinyima nusu ya habari.

Hatua ya pili: chunguza mzoga, lakini usiuamini kupita kiasi. Ndege mwenye nyama ya kutosha kifuani huenda alikufa ghafla, wala si kwa njaa. Hata hivyo, jike wa eida aliyefunga kula wiki tatu atakuwa mwembamba kwa vyovyote, kwa hiyo dalili hii haitoshi. Madoa madogo meupe au ya manjano kwenye ini na matone ya damu kwenye moyo yanaelekeza kwenye Pasteurella, lakini hayathibitishi. Skua, ndege wa bahari wanaokula mizoga, wamewahi kuuawa huko kusini na bakteria huyu, na vilevile mafua ya ndege ya H5N1, ambayo ni ya virusi, yaliwaua katika visiwa vya South Georgia kuanzia 2023. Anayetazama kwa macho tu anaweza kukosea.

Hatua ya tatu: chukua sampuli, ukiwa na kibali, glovu na barakoa. Moyo na ini hufaa mzoga ukiwa mpya. Ukiwa umeanza kuoza, chukua mfupa wa bawa au wa mguu, kwa sababu bakteria hudumu katika uboho. Hifadhi kwenye ubaridi mpaka maabara.

Hatua ya nne: pale mamlaka zinaporuhusu mizoga iondolewe, mshike ndege kwa kichwa au mdomo, umwingize kichwa kwanza katika mifuko miwili, ili ute usichuruzike ardhini.

Maswali ya washiriki wa somo

Mshiriki wa Likoni: Mwalimu, kwa nini ndege hawa wasitibiwe kwa dawa kama kuku wetu?

Jibu: Kuku wako, ndugu, wanakunywa katika chombo unachokijaza wewe, hivyo dawa inawafikia. Ndege wa mwituni huwezi kuwapimia dozi, na mara nyingi hufa saa chache baada ya dalili kuonekana. Chanjo imejaribiwa kwa albatrosi, ndege wakubwa wa bahari, wa kisiwa cha Amsterdam, kusini mwa Bahari ya Hindi, ambako bakteria huyu huua makinda, lakini kumshika kila ndege ni kazi nzito.

Mshiriki wa Nyali: Ndege wanaozaliana Siberia na kuja Mida Creek kila mwaka hawawezi kutuletea maradhi haya?

Jibu: Ndege aliyeugua vikali hawezi kusafiri safari hiyo. Wapo lakini wanaopona wakabaki na bakteria mwilini, kwa hiyo ukiona mizoga mingi kwa pamoja, usiiguse na uripoti kwa maafisa wa wanyamapori au wa mifugo. Eida wenyewe hawafiki kwetu.

Baharia wa Changamwe: Mimi ni mpishi, na meli yetu huenda ikapelekwa Antaktika. Je, kuku wanaruhusiwa?

Jibu: Walio hai hawaruhusiwi kabisa. Itifaki ya mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyotiwa saini Madrid 1991, inataka juhudi zote zinazofaa zifanywe ili nyama ya kuku inayopelekwa huko isiwe na magonjwa, na mabaki yote yasiyoliwa yaondolewe eneo hilo au yateketezwe. Mifupa ya jikoni isitupwe baharini wala ufukweni, kwani skua huokota kila kitu.