Ukishaidhinishiwa ukaazi wa kudumu Kanada: karatasi za kumaliza Dodoma na baada ya kutua

Huu ni mwaka wa tisa nakaa meza ya mbele katika ofisi ya wakili hapa Dodoma. Kazi yangu ni karatasi: viapo vya majina, nakala za kuthibitishwa, hati za uwakilishi. Wanaohamia nje huja kwetu mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa kuomba, wakiwa na haraka na wasiwasi. Mara ya pili, wale waliobahatika huja wakitabasamu na bahasha mkononi, wanataka mhuri mmoja tu ili wakakate tiketi. Hawa wa mara ya pili ndio hunitia hofu zaidi.

Barua ya kuidhinishwa haijakufanya mkaazi. Unakuwa mkaazi siku unayotua Kanada na afisa wa mpakani akathibitisha. Kati ya siku hizo mbili watu huoa, huzaa, pasipoti huisha muda, na herufi moja ya jina hugeuka kikwazo. Hapo ndipo penye kazi, na nitakaa hapo zaidi.

Neno moja kabla sijaanza. Kwa mambo ya Kanada yenyewe, anayeruhusiwa kukutoza fedha ili akuwakilishe ni mwanasheria wa huko mwenye leseni au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa huko. Kishoka yeyote anayekuambia ana mtu wake ndani, mwage mapema.

Hatua ya 1: Soma karatasi yako herufi kwa herufi

Utakuwa na vitu viwili: viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, na karatasi ya uthibitisho wa ukaazi wa kudumu. Kama karatasi imekuja kwa barua pepe, ichape. Kama ina nafasi ya saini, usiisaini nyumbani. Utasaini mbele ya afisa.

Tafuta kwanza tarehe ya mwisho. Mara nyingi inafuata vipimo vya afya, ambavyo hudumu miezi 12, au mwisho wa pasipoti yako, kutegemea kipi kinatangulia. Tarehe hiyo haiongezwi. Ndiyo maana unaweza kuidhinishwa leo ukajikuta umebaki na miezi mitatu tu ya kusafiri, kwa sababu vipimo ulifanya muda mrefu uliopita. Iandike ukutani.

Kisha majina. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na kila ofisi huyapanga kivyake. Cheti cha kuzaliwa kina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, cheti cha shule kina jina la ubatizo ambalo hujalitumia tangu kipaimara. Mmoja ni Yosefu huku, Joseph kule. Kosa likiwa kwenye karatasi ya Kanada, waandikie idara yao ya uhamiaji kupitia fomu ya mtandaoni kabla hujasafiri. Likiwa kwenye cheti cha hapa, nenda RITA ukarekebishe cheti chenyewe. Watu hukimbilia kiapo kwa wakili kwa sababu kinapatikana siku hiyo hiyo, nami ndio kazi yangu kuviandaa, lakini kiapo hueleza tofauti bila kuiondoa. Muda ukiwepo, anza na cheti.

Hatua ya 2: Taja kila mtu wako

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Mwaka juzi alikaa mbele yangu kaka mmoja mwenyeji wa Kongwa. Fundi mzuri, karatasi zake safi kabisa. Nilipokuwa nagonga nakala za vyeti, simu yake iliita na nikasikia sauti ya mtoto ikisema "baba". Alipokata nikamuuliza.

"Kaka, huyu naye yumo kwenye maombi?"

"Hapana dada. Huyo nilimpata kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake. Haendi popote, ndiyo maana sikumweka."

Niliweka mhuri chini. Sheria ya Kanada inataka umtaje kila mwenza na kila mtoto anayekutegemea, anayesafiri na asiyesafiri, unayeishi naye na usiyeishi naye. Mtoto wa kumtaja hapa ni aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Hata asiyesafiri hupimwa afya kama wengine. Usipomtaja kabla ya kutua, akakosa kuchunguzwa, huwezi kuja kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Zimewahi kutolewa nafuu za muda kwa baadhi ya makundi, lakini usimwekee mtoto wako maisha juu ya nafuu. Na ukionekana umeficha kwa makusudi, ni udanganyifu: unaweza kuondolewa na kuzuiwa miaka 5.

Yule kaka aliandika kwa idara ya uhamiaji wiki ile ile, akaeleza ukweli wote. Safari ilisogea. Mtoto alipimwa Dar es Salaam, na kaka akaondoka baadaye akiwa amemtaja.

Hilo linahusu pia mabadiliko baada ya kuidhinishwa, na hapa kwetu ndipo watu wengi huteleza. Barua ikifika, wazee husema: usiondoke hivi hivi, maliza mambo ya watu. Ng'ombe wa mahari wanahesabiwa Jumamosi, ndoa inafungwa kanisani au msikitini mwezi unaofuata, na bwana harusi anapanda ndege akiwa na karatasi inayosema hajaoa. Ukioa, ukiolewa, ukipata mtoto au ukiachana na mwenza kabla ya kutua, toa taarifa kwanza na usisafiri mpaka wakujibu. Wanaweza kukurudishia karatasi mpya yenye jina la mwenza au mtoto, baada ya ada na vipimo. Ni usumbufu, naujua. Lakini nimeshaona mke akibaki Chamwino miaka na cheti cha ndoa mkononi, kwa sababu mumewe alitua kama kijana asiye na mke.

Kama ndoa ilikuwa ya kimila, isajiliwe mpate cheti. Mashahidi wa mahari wanaheshimika nyumbani, ila mezani kwa afisa kinachosomwa ni cheti.

Na wanaokufuata wasikutangulie. Mwombaji mkuu hutua kwanza au wote pamoja.

Hatua ya 3: Kusanya vya nyumbani ungali nyumbani

Kupata hati ya Tanzania ukiwa Winnipeg ni kumsumbua mdogo wako, nauli juu ya nauli. Kamilisha sasa: vyeti vya kuzaliwa vya kila mmoja kutoka RITA, cheti cha ndoa au cha talaka, matokeo na vyeti vya masomo, barua za kazi zenye tarehe na majukumu. Kama ulisoma UDOM au chuo kingine, omba nakala za matokeo kwenye bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, zaidi ya moja. Nesi, mwalimu na mhandisi wataulizwa tena na bodi ya jimbo watakakofikia, hata kama vyeti vilishatathminiwa wakati wa kuomba.

Chukua kadi ya kliniki ya kila mtoto. Ontario, kwa mfano, shule hudai rekodi za chanjo. Kama unaendesha gari, omba barua ya mamlaka iliyotoa leseni inayoonyesha umeanza lini, inaweza kukupunguzia muda wa kungoja madaraja ya leseni ya huko. Hati iliyo kwa Kiswahili peke yake, itafsiriwe. BAKITA wanatoa huduma hiyo.

Kama lazima ufike Dar es Salaam kwa ajili ya pasipoti au viza, tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 si safari ya kulala tena ukipanga vizuri. Bahasha ya hati halisi ibebe mapajani, si kwenye begi la juu.

Hatua ya 4: Kiwanja, kazi na deni

Ukaazi wa kudumu haukuondolei uraia wa Tanzania. Unabaki Mtanzania mwenye ruhusa ya kuishi kwingine, pasipoti yako ni ile ile, na kiwanja chako cha Nkuhungu au Ipagala kinabaki chako. Linalobadilisha hali ni kuchukua uraia wa Kanada, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ardhi hapa kwa kawaida humilikiwa na raia. Kanada hukuruhusu kuomba uraia baada ya kukaa siku 1,095 ndani ya miaka 5. Siku hiyo ikifika, kaa na mwanasheria kabla ya kula kiapo.

Kwa sasa, mwachie mtu hati ya uwakilishi. Usiandike "afanye lolote juu ya mali zangu". Taja namba ya kiwanja, taja anachoruhusiwa: kulipa kodi ya pango la ardhi, kukusanya kodi ya wapangaji, kufuatilia hati. Kama hutaki auze, andika hivyo. Hati inayohusu ardhi iliyosajiliwa nayo isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Watumishi wa umma, mko wengi mji huu: andika barua ya kuacha kazi na usubiri majibu. Kuondoka kimya kimya ni utoro kazini, na mafao yako yatakuja kuulizwa. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo aweke utaratibu wa kulipa. Deni halikatiki kwa kupanda ndege.

Hatua ya 5: Begi na orodha

Andaa orodha mbili za mali kwa thamani yake, nakala mbili kila moja: unavyobeba siku hiyo, na vitakavyofuata. Kisichoandikwa kwenye orodha ya pili siku ya kwanza kinaweza kutozwa ushuru kikija baadaye. Dhahabu zipige picha.

Fedha taslimu au hundi zinazofika dola 10,000 za Kanada au zaidi, tamka. Hakuna kodi kwa kuziingiza. Kosa ni kunyamaza. Kama uliomba kwa njia inayodai fedha za kuanzia maisha, beba barua ya benki ya karibuni.

Chakula chote nacho tamka. Dada mmoja alibeba mlenda mkavu alioanikiwa na mama yake, unga wa kijani umefungwa kwenye karatasi bila jina. Nilimwambia aufunge upya kwenye mfuko unaoonyesha, aandike juu yake kwa Kiingereza kwamba ni mboga iliyokaushwa, na aweke alama ya ndiyo palipoulizwa chakula. Afisa alifungua, akanusa, akauliza unapikwaje, akamrudishia. Nyama ya kukaushwa iache nyumbani. Faini ya kutotamka inaweza kufika dola 1,300.

Hatua ya 6: Siku ya kutua

Mwambie afisa wa kwanza kwamba unaingia kama mkaazi mpya. Utaelekezwa chumba cha uhamiaji. Maswali ni machache: umewahi kuhukumiwa, una fedha kiasi gani, familia yako ni hao waliotajwa tu? Hilo la mwisho ndilo la Hatua ya 2, na jibu lako linawekwa kwenye kumbukumbu. Soma tena karatasi kabla ya saini. Iliyosainiwa piga picha, kisha itunze maisha yako yote.

Utaulizwa anwani ya kutumiwa kadi yako ya ukaazi. Kama bado huna anwani, una siku 180 kuipeleka, zikipita utaomba na kulipia.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Namba ya bima ya jamii, tarakimu 9, ni bure na bila hiyo huajiriwi. Iombe kwenye ofisi ya serikali iitwayo Service Canada, ukiwa na pasipoti na karatasi yako. Kadi ya afya ni ya jimbo, na baadhi ya majimbo, kama British Columbia, yana muda wa kungoja, kwa hiyo nunua bima ya kuziba pengo hilo. Fungua akaunti ya benki. Na ukumbuke, ukishakuwa mkaazi wa huko kikodi, hata kodi unayolipwa na wapangaji wa nyumba yako ya Area C hapa Dodoma inaingia kwenye mapato unayotangaza.

Hatua ya 8: Daftari la siku

Wapo wanaotua, wakakaa wiki mbili, wakarudi Dodoma kumalizia mkataba. Inaruhusiwa, mradi ujue mambo mawili. La kwanza, kadi ikiwa haijafika na umeshatoka, huwezi kupanda ndege ya kurudi kwa karatasi ile. Utaomba hati ya kusafiria ya mkaazi ukiwa huku, na hiyo ina ada na kungoja. La pili, ndani ya kila miaka 5 unatakiwa uwe Kanada angalau siku 730. Hazilazimiki kufuatana.

Nunua daftari dogo. Ukurasa mmoja, safu nne: tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, siku za nje, jumla. Mteja wetu mmoja hunitumia picha ya ukurasa wake kila Desemba. Mwaka jana jumla ya nje ilikuwa 812 kati ya takriban 1,095 zinazovumilika, na ndani yake kulikuwa na miezi minne aliyomuuguza baba yake Mpwapwa. Aliziandika na hizo. Kadi hudumu miaka 5, na ikiisha muda ukaazi wako haufi nayo, lakini unapoomba nyingine wanauliza tarehe hizi hizi, na mihuri ya pasipoti ya zamani inakuwa ushahidi. Kwa hiyo ukibadilisha pasipoti, kwa ubalozi wetu Ottawa au Uhamiaji hapa, omba urudishiwe ile iliyokatwa kona, uiweke pamoja na daftari.