SOMO: Tasnifu ya isimu kuanzia mada hadi kukabidhi (walioko Kigoma na Tabora someni hapa)

Jamani kila siku swali ni lilelile, "nianzie wapi na tasnifu ya isimu". Naandika mara moja, someni mpaka chini ndo muulize.

1. Mada. Iwe swali, isiwe jina la lugha. "Sarufi ya Kiha" (lugha ya Waha wa Kigoma) haibebeki. "Vijana wa Kasulu mjini wanatumiaje njeo za wakati uliopita" hiyo inabebeka (njeo ni umbo la kitenzi linaloonyesha wakati).

2. Waliotangulia. Kiha kuna sarufi ya Lotta Harjula ya 2004, Kinyamwezi ipo ya Maganga na Schadeberg ya 1992. Usiandike "haijawahi kutafitiwa" kabla hujazifungua.

3. Pendekezo la utafiti. Fuata mwongozo wa chuo chako.

4. Kibali. Barua ya chuo, ofisi ya mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Toa kopi za kutosha.

5. Data. Tulieni hapa maana tasnifu nyingi zinafia hapa. Mtu anafika kijijini na orodha ya sentensi za Kiswahili, anamwambia bibi tafsiri, bibi wa watu kwa adabu anatafsiri neno kwa neno, matokeo yake unarudi na Kiswahili kilichovalishwa kanga ya Kiha. Angalia njeo: Kiswahili "alikuja" ni ileile, iwe leo asubuhi au mwaka juzi, wakati Kiha kinatenganisha uliopita wa karibu na wa mbali. Ukiuliza "alikuja mnasemaje" utapewa umbo moja, utaandika Kiha kina wakati uliopita mmoja, msimamizi atakutafuna. Mpe mazingira: mgeni kafika leo alfajiri, unamwambiaje jirani? Sasa huyo mgeni alifika zamani, kabla hujaolewa, unasemaje? Halafu muache apige stori, alivyokuwa analima maharage, harusi za enzi zao, maana kwenye stori yanatoka maumbo ambayo orodha haitayatoa kamwe.

ONYO: rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 44.1 kHz, biti 16. Voisi noti za WhatsApp zimebanwa, usizipeleke kwenye Praat (programu ya kuchambua sauti) kupima toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kwenye neno. WAV ya mono (chaneli moja) inakula kama MB 5 kwa dakika, beba memori kadi. Mvua kwenye bati inaua rekodi, redio ya jirani pia. Omba ridhaa kwanza na uirekodi. Usiku huohuo nakili sehemu mbili, jina la faili liwe na kijiji, tarehe na namba ya msemaji, sio jina lake.

6. Unukuzi, yaani kuandika kilichosemwa kwenye rekodi. Tumia ELAN, programu ya kazi hiyo, ni bure. Weka alama za toni mapema, usiseme utarudia.

7. Kuandika. Anza na sura ya data, utangulizi baadaye. Kila dai liwe na mfano wenye namba.

MASWALI

Mnyamwezi_Halisi: mkuu naomba mada nipo Tabora
Jibu: Namba 1.

Mnyamwezi_Halisi: nimesoma ila nataka ilio tayari
Jibu: Mada ya kupewa utaitetea vipi mbele ya jopo? Kaa sokoni nusu siku, sikiliza watu, andika kinachokushangaza, ndo urudi hapa.

Binti wa Buhigwe: Shikamoo mwalimu. Mimi Muha, kwa nini tunasema gukora (kufanya kazi) lakini kurima (kulima)? Inaweza kuwa mada?
Jibu: Marahaba dada, umeuliza vizuri sana. Hiyo inaitwa Sheria ya Dahl. Mzizi ukianza na k, t, s na wenzao wasio na ghuna (koo halitetemi ukizitamka), k ya kiambishi ku- cha mwanzo inageuka g. Jina limetoka kwa mmisionari Edmund Dahl aliyeiona kwenye Kinyamwezi, mwanaisimu Mjerumani Meinhof akaipa jina hilo 1903. Wewe chukua vitenzi vya mkopo kutoka Kiswahili, sikiliza kama vijana wanaviwekea gu- au ku-, linganisha na wazee. Hapo una tasnifu, nitumie pendekezo nikusomee.

Ujiji Boy: hojaji ya Google si inatosha? Kijijini mbali
Jibu: Toni utaisikia kwenye hojaji?

Kibirizi1: mkuu nafanya istilahi za uvuvi wa dagaa, wavuvi kila nikienda wamelala
Jibu: Wamekesha ziwani na taa, waache walale. Nenda mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa kwahiyo hawaingii ziwani, utawakuta wanashona nyavu na wana muda wa kukutajia kifaa kimoja kimoja. Wanaoenda kwa wakulima nao waende Juni hadi Agosti, masika watu wako shamba.

Kibirizi1: nashukuru, naangalia kalenda sasa hivi