Nyumba ya kupangisha Dar: kabla ya kuuliza kodi, uliza kiwanja ni cha nini

Wakuu, mtu akitaka kununua nyumba ya kupangisha swali la kwanza huwa inaingiza shingapi kwa mwezi, na dalali anajua hilo, so anaanza na hesabu, vyumba sita mara laki, unaona hela inarudi chap. Weka hesabu pembeni. Nyumba inaweza kujaa wapangaji na bado haitakiwi kuwepo pale ilipo.

Omba kopi ya hati usome mstari wa matumizi. Kama imeandikwa makazi halafu mbele kuna frem nne na gereji, ujue hizo frem zipo kwa hisani tu, siku jirani akilalamika au halmashauri wakiamua kufuatilia, ile kodi uliyopigia hesabu inakata. Kubadili matumizi inawezekana, inaombwa halmashauri, ila muuzaji akikwambia "hilo utabadilisha mwenyewe, ni kitu kidogo", mjibu kama ni kidogo abadilishe yeye kwanza ndo ulipe. Cheki pia ni hati ya miaka 33, 66 au 99 na imebaki mingapi.

Ukitoka hapo nenda na namba ya kitalu na kiwanja kwa watu wa mipango miji uombe kuona mchoro wa eneo, hapa ndo vituko vinapoonekana, unakuta kiwanja unachouziwa kwenye mchoro ni eneo la wazi au shule, na muuzaji ana barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri mzuri kabisa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba mmeuziana, hawezi kugeuza eneo la wazi kuwa kiwanja cha mtu. Halafu fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, utajua jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki au mtu kaweka zuio.

Barabara sasa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi (eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa) ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yani 30 kila upande kutoka katikati, na ndo maana nyumba nyingine zilipigwa X (alama ya kubomolewa) nyekundu na nyingine ya kijani, kijani ni wale sheria iliwakuta hivyo wana haki ya fidia, nyekundu hana chake. Usikariri 30 lakini. Morogoro Road, Kimara mpaka Kiluvya, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande na 2017 watu walibomolewa magorofa. Kwa hiyo ulizia barabara husika, na kagua ukuta vizuri maana X inafutika kwa kopo moja la rangi.

Maji ndo usicheze nayo kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni au ufukweni, na Desemba 2015 bonde la Msimbazi waliona greda. Nenda Aprili masika imekolea, sio Agosti. Ukishindwa, angalia dalili za mafuriko kwenye nyumba yenyewe: rangi mpya kuanzia chini mpaka kiunoni tu, soketi zimepandishwa juu, mlangoni kumejengewa kaukuta ka kuruka. Mwenye nyumba hajafanya hivyo kwa urembo.

Nyumba za skwata zisizo na hati sisemi usinunue, nyumba nyingi za uswahilini ziko huko na zinalipa, ila ulizia urasimishaji, yani kupima eneo na kutoa hati, umefikia wapi na bei iwe ya skwata kweli, sio bei ya Mikocheni.

Muuzaji kama ana ndoa, mwenza wake asaini ridhaa, hapo hakuna mjadala.

Mwisho ongea na wapangaji muuzaji akiwa hayupo. Wote wamehamia mwezi mmoja? Hao huenda ni ndugu zake wamejazwa uone nyumba inatembea. Waulize na kodi wamelipa mpaka lini, maana huku kodi ni miezi sita au mwaka, unaweza kununua leo ukakuta muuzaji alishakula kodi mpaka Desemba na wewe huwezi kuwadai tena. Omba kuona risiti au mikataba yao, jumlisha hiyo miezi, ikatwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.