Kupima ukali wa mazoezi kwa wanamichezo wenye ulemavu wa akili

Kwa makocha na wazazi wanaowafundisha vijana wenye ulemavu wa akili hapa Tanga, iwe uwanja wa Mkwakwani au ufukweni Raskazone, napenda kushauri kwamba msitegemee ile kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo. Kwa mwenye sindromu ya Down, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, kiwango hicho mara nyingi huwa chini ya makadirio kwa takriban mapigo 25 hadi 30 kwa dakika, kwa kuwa mwili wake hauupi moyo msukumo uleule wa kuongeza kasi, hivyo kijana anayedhaniwa kuwa mvivu huenda tayari amefika kikomo cha uwezo wake. Inaniuma kila nisikiapo akikemewa.

Kipimo bora ni mazungumzo. Kimbieni kando yake na mmwulize kuhusu timu anayoipenda: akijibu kwa sentensi nzima, mwendo unafaa, akiishia neno moja na kuhema, punguzeni. Asiyezungumza sana aoneshe kwa kidole picha ya uso uliotulia au uliochoka, mradi amezoeshwa picha hizo mapema, akiwa amepumzika. Joto la pwani linapozidi, kati ya Januari na Machi, anzeni asubuhi na mapema, na mpeni maji bila kungoja aombe, kwani wengine huona ugumu kusema kwamba wana kiu.

Mwenye sindromu ya Down asipige mpira kwa kichwa wala kupinduka sarakasi kabla daktari hajamchunguza shingo.