Kubadilisha dawa ya kifafa huku unaogopa madhara

Nilimeza valproeti kwa miaka tisa. Kifafa kilitulia, mikono ikaanza kutetemeka, nikaona ndiyo bei yake. Kisha mimi na mume wangu tukaanza kuzungumzia mtoto, na daktari akasema dawa ibadilishwe kabla mimba haijaingia. Kwa wanaotumia valproeti wakiwa wajawazito, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida katika ukuaji na kujifunza. Nikaandikiwa lamotrijini. (Kama unasoma haya na mimba tayari unayo, usiache dawa kwa uamuzi wako. Mtafute daktari leo.)

Jambo la kwanza nililofanya, na ambalo ningemwambia yeyote, ni kuanza kuandika kabla sijagusa kidonge kipya. Wiki mbili nzima. Daftari la kawaida, ukurasa kwa siku: nimelala saa ngapi, kichwa, tumbo, ngozi, hasira, mikono. Wiki hizo zilinionyesha kitu ambacho nisingekiamini: kichwa kiliniuma siku 5 kati ya 14, na kiwiko cha kushoto kilikuwa kinawasha karibu kila jioni. Yote hayo nikiwa bado kwenye dawa ya zamani! Kama nisingeyaandika, ningeyabandika yote kwa lamotrijini wiki ya kwanza tu, na pengine ningeiacha.

Halafu kile kikaratasi cha ndani ya boksi. Usikisome usiku ukiwa peke yako. Mimi nilikisoma saa sita usiku na hadi asubuhi nilikuwa nimeshaugua magonjwa yote. Kisome mchana, na ujue maneno yake yana vipimo. "Kawaida sana" maana yake linampata zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Nadra" ni chini ya mtu 1 kati ya 1,000, na "nadra sana" chini ya 1 kati ya 10,000. Na yale ya "kawaida sana" mengi ni kichwa kuuma, usingizi au kizunguzungu, mambo ambayo mara nyingi hupungua mwili ukizoea. Chukua penseli, kaa na mfamasia, muweke alama mbili: haya nasubiri niyataje kliniki, haya napiga simu papo hapo.

Sasa ratiba. Idai iandikwe kwenye karatasi, wiki kwa wiki, dawa zote mbili, asubuhi na jioni. Mimi nilianza na miligramu 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki mbili, kisha 25 kila siku kwa wiki mbili nyingine, ndipo ikapanda. Polepole hivyo kuna sababu yake. Valproeti hulizuia ini kuivunja lamotrijini, kwa hiyo hata dozi ndogo hujazana kwenye damu, na kupandisha haraka ndiko kunakoongeza hatari ya vipele vibaya. Anayetoka kwenye kabamazepini mambo kwake ni kinyume, kwa kuwa yenyewe hulifanya ini liivunje lamotrijini haraka zaidi. Ndiyo maana ratiba yangu usiiazime, hata kama jina la dawa ni lilelile.

Hiyo ya "siku moja ndiyo, siku moja hapana" ni mtego. Siku ya nne nilisimama na kidonge mkononi nisijue jana nilimeza au la. Tangu hapo nilichora kalenda yote mapema, duara siku ya kumeza na mstari siku ya kupumzika, na duara nililijaza wino baada tu ya kumeza. Ukikosa dawa siku kadhaa mfululizo, usirudi kwenye dozi uliyokuwa umefikia. Piga simu kwanza. Huenda ukaanzishwa upya kutoka chini.

Wengine huhamishiwa levetirasetamu, na hapo shida kubwa ni hisia kuliko ngozi: hasira za ghafla, huzuni, kukosa uvumilivu. Mwenyewe unaweza usione. Mwombe unayeishi naye akuambie, na ukubaliane naye kabla kwamba akikuambia hutamjia juu. Mawazo ya kujidhuru, kwa dawa yoyote ya kifafa, hayasubiri tarehe ya kliniki.

Siku ya 19 niliamka na vidoa vyekundu kwenye mkono, kama sita hivi. Nilikaa navyo saa nne nzima nikijidanganya ni mbu, na saa hizo nne ndizo kosa langu kubwa katika safari yote. Kipele chochote kinachotokea wiki nane za mwanzo za lamotrijini, piga simu siku hiyohiyo, kabla ya dozi inayofuata. Kikija na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, uso au tezi kuvimba, au ngozi kubabuka, nenda hospitali ya dharura. Mimi nilipopiga, nikaitwa. Daktari akanikagua mdomo, macho, shingo, akabonyeza vidoa kwa kidole, akaniuliza kama nimepata homa. Walikuwa mbu kweli. Hakunicheka, na nilirudi nyumbani nikijua anachokitafuta.

Kushusha dawa ya zamani ndiko kulikonitia hofu kuliko yote. Usiiruke hatua hata moja kwa sababu unajisikia vizuri. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa kisichokatika. Na kumbuka lile suala la ini: valproeti ikipungua, lamotrijini nayo hushuka kwenye damu, hivyo dozi yake huenda ikahitaji kuongezwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huishusha, kwa hiyo vitaje.

Wiki ya kumi na moja nilianguka, mara moja, sebuleni. Mume wangu alikuwa ameshafundishwa: akanilaza ubavu, hakutia kitu mdomoni, akaangalia saa. Dakika moja na nusu. Ingepita dakika tano, au ningeanguka tena kabla sijazinduka, angeita gari la wagonjwa. Nililia nikitaka dawa yangu ya zamani. Daktari alitazama daftari, akaona siku mbili za usingizi wa saa nne nne kabla ya tukio, akapandisha lamotrijini kidogo na kuniambia nilale.

Kipindi chote hicho sikuendesha gari, sikupanda ngazi ya kuegemeza, na bafuni sikufunga komeo. Inaudhi kwa mtu mzima. Nilifanya hivyo hivyo.

Kitu ambacho sikukitegemea kilikuwa kwenye mwandiko. Kurasa za mwanzo herufi zangu zimepinda pinda, "m" ina vilima vitano. Mwezi wa kwanza, dawa zote mbili zikiwa pamoja, zikazidi. Kuanzia mwezi wa nne mistari imenyooka, na sikuwa nimeandika popote kwamba mikono imeacha kutetemeka. Mume wangu ndiye aliyeona akipekua.

Vidonge vya valproeti vilibaki kumi na vinne. Nilitaka kuvificha kabatini, kwa lolote. Lakini siku moja kabla nilikuwa nimefungua boksi lisilo lake gizani, kidonge kikafika mdomoni ndipo nikahisi ukubwa wake si wenyewe. Nikavifunga kwenye mfuko nikavirudisha kwa mfamasia.