Somo: Piga mwenyewe hesabu ya mtambo wa umeme unaozungusha CO2 badala ya mvuke

Wakuu, wengi wakisikia habari za mitambo hii huuliza kwanza tabaini (gurudumu linalozungushwa na CO2 ya moto ili kuzalisha umeme) inapokea joto kiasi gani. Mimi naanzia kompresa, ile mashine inayoibana CO2, maana faida kubwa imejificha huko.

Hatua ya 1: Panga hali za mzunguko. Kikomo cha kabonidayoksaidi (CO2) ni nyuzi 31 na shinikizo la MPa (megapaskali) 7.38. Ukivuka vyote viwili, huwezi tena kusema hii ni gesi au kimiminika. Mfano wetu: kompresa inavuta CO2 ikiwa na nyuzi 32 na MPa 7.7, inaisukuma hadi MPa 20, tabaini inaipokea kwa nyuzi 550.

Hatua ya 2: Kazi ya kompresa. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Ukitumia fomula ya gesi kamilifu ya shuleni, densiti inatoka kilo 134 kwa mita ya ujazo. Ukweli ni kama 600! Kitu kizito hivyo hakibanwi sana, kwa hiyo kazi ni tofauti ya shinikizo (MPa 12.3, yaani kPa 12,300) kugawanya kwa densiti ya wastani: 12,300 ÷ 670, kama kJ 18 kwa kilo. Gesi kamilifu ingekudanganya kwamba ni 63. Gawanya 18 kwa ufanisi wa kompresa, tuseme 0.89, upate karibu 20. Densiti usibahatishe, programu ya CoolProp inakupa, na ni ya bure.

Hatua ya 3: Kazi ya tabaini. CO2 inatoka na nyuzi kama 440, ikiwa imetoa takriban kJ 125 kwa kilo. Kompresa imekula moja ya sita tu. Kwenye tabaini za gesi za kawaida hula karibu nusu.

Hatua ya 4: Rejesha joto. Nyuzi 440 huzitupi. Kibadilisha joto kinazirudisha kwa CO2 inayotoka kompresa, na joto linalopita humo ni zaidi ya mara tatu ya kazi halisi ya mtambo (ya tabaini ukitoa ya kompresa). Ila kuna kikwazo: kwenye nyuzi 100, upande wa MPa 20 unahitaji joto karibu mara moja na nusu ya upande wa MPa 7.7 ili kupanda nyuzi moja. Upande wa moto unapoa, wa baridi bado una kiu.

Dawa yake ni kugawa mtiririko: sehemu isipite kwenye kipoozi (kinachopoza CO2 kabla ya kompresa), ibanwe na kompresa ya pili na kuingizwa katikati ya kibadilisha joto. Ufanisi (sehemu ya joto inayogeuka kazi) wa mzunguko sahili ni takriban asilimia 40. Huu wa kompresa mbili unafika kama 45, hesabu aliyoitoa mtafiti Vaclav Dostal pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2004.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kuna mtambo unaofanya kazi au ni makaratasi tu?*
Upo San Antonio, Texas, mradi wa STEP wa MW 10. Mwaka 2024 ulizalisha umeme kwa nyuzi 500. Lengo ni 715. Tabaini yake ina ukubwa wa meza ya ofisini.

*Kwa hiyo unapunguza moshi angani?*
Hapana, CO2 hiyo inazunguka ndani kwa ndani. Moshi unategemea umepasha kwa nini: jua, nyuklia au gesi.

*Mwalimu, huku Mombasa hewa yenyewe ni nyuzi 32. Nitapoza vipi hadi 32?*
Kwa hewa huwezi. Chukulia nyuzi 40: kwa MPa 7.7 densiti inaporomoka chini ya 300, na kompresa inakuwa mlafi. Pandisha shinikizo la kuingilia hadi MPa 10, densiti inarudi kama 630. Gharama yake ni tabaini: uwiano wa shinikizo unashuka kutoka 2.6 hadi 2. Rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa namba hizo, halafu weka majibu yako hapa tuyakague.